Mwanya wa Pembe Uko Upande Gani? Kutambua Matatizo ya Fremu za Mbao Mombasa

Mteja anayerudisha fremu huishika kwa mikono miwili, kama aliyebeba kitu kilicho hai. Anaiweka juu ya meza na kusema neno moja: "Imeachia." Kwenye pembe pana mwanya, pengine wa kupitisha karatasi, pengine wa kuingiza ukucha. Hapo mafundi wengi hukimbilia chupa ya gundi. Huichanganya na vumbi la msasa, hujaza mwanya, hupiga vanishi juu, na kabla masika hayajaisha fremu imerudi ilipotoka.

Nilifanya hivyo kwa miaka, hadi siku nilipompelekea mzee mmoja wa Mji wa Kale, fundi wa makasha na milango ya nakshi, fremu ya mninga iliyofunguka pembe zote nne. Hakuigusa. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mwanya uko ndani au uko nje?" Sikuwa nimetazama. "Basi rudi nayo. Ukishaitazama, njoo tuzungumze."

Swali lile ndilo ninaloanzia mpaka leo. Upande wa mwanya hukwambia chanzo. Fremu mbili zenye mwanya wa ukubwa mmoja zaweza kuwa na maradhi mawili yasiyohusiana kabisa, na dawa ya moja ikaiharibu nyingine.

## Pembe imeachia

Inua fremu mbele ya dirisha, mwanga utoke nyuma yake, uzitazame pembe moja moja. Usiitazame ile mbovu peke yake. Tazama zote nne, kisha uone dalili yako inaangukia wapi kati ya hizi.

Pembe tatu zimebana, ya nne ina mwanya. Hilo ni kosa la msumeno, hali ya hewa haihusiki. Fremu ina mikato minane, miwili kwa kila pembe. Msumeno ukikosea nusu digrii tu kwa kila mkato, kosa zima ni digrii 4, na kwa kuwa pembe tatu za kwanza umezibana kwa nguvu, kosa lote huhamia ya mwisho. Kwenye ubao wenye upana wa sentimita 5, digrii 4 ni mwanya wa karibu milimita 5. Ndiyo maana fundi hushangaa: kila pembe aliyoipima ilionekana sawa, na bado ya mwisho imemkataa. Jicho haliwezi kuona nusu digrii.

Usiyaamini maandishi ya digrii 45 yaliyo kwenye mashine, wala matundu ya kile kisanduku cha kukatia pembe ambacho msumeno umekwisha kuyapanua. Chukua vipande viwili vya mabaki, vikate, viunganishe, kisha weka skwea, kile kipimo cha pembe ya digrii 90, ndani ya pembe. Ikiwa kuna mwanga kati ya skwea na ubao, rekebisha mashine nusu ya kosa unaloliona, maana unaona kosa la mikato miwili kwa pamoja. Rudia mpaka mwanga upotee. Mimi humalizia kila mkato kwa randa kali juu ya kibao chenye ukingo wa digrii 45. Randa huondoa unyoya mwembamba kama karatasi ya sigara, na pembe inakaa kama iliyomea pamoja.

Kuna ndugu wa tatizo hili: digrii ziko sawa lakini mbao mbili zinazotazamana hazilingani urefu. Milimita moja yatosha kuharibu. Usipime kila ubao kwa futi. Funga kizuizi mezani, ubao wa kwanza na wa pili uzigonge kichwa palepale kabla ya kukata, na urefu utakuwa mmoja bila ya kupima.

Pembe zote nne zina mwanya upande wa ndani, karibu na picha, na nje zimebana. Ubao umesinyaa baada ya fremu kuunganishwa.

Pembe zote nne zina mwanya upande wa nje, na ndani zimebana hadi zinasukumana. Ubao umevimba.

Hizi mbili ndizo ninazoziona zaidi, na ndizo zinazotibiwa vibaya zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa. Ubao hautembei kwa urefu wake kiasi cha kuhesabika. Hutembea kwa upana. Ukivimba, unapanuka huku urefu ukibaki uleule, kwa hiyo ule mkato wa digrii 45 haubaki 45 tena, unakuwa zaidi kidogo. Mbao mbili zinazokutana zinaanza kusukumana kwa ndani, na msukumo huo unafungua nje. Ukisinyaa, mambo yanageuka: nje inashikana, ndani inaachia. Kwa makadirio ya mafundi, ubao uliopasuliwa ubapa, yaani pete za mti zikilala sambamba na uso wake, hubadilika kwa asilimia 1 ya upana wake kila unyevu uliomo ndani yake unapobadilika kwa asilimia 4 hivi. Fremu nyembamba ya sentimita 2 haitakusumbua. Fremu pana ya sentimita 10 itatembea milimita nzima, na kiungo cha gundi peke yake hakiwezi kuzuia nguvu hiyo.

Sasa fikiria mji wetu. Unyevu wa hewa Mombasa huzunguka kati ya asilimia 70 na 85 sehemu kubwa ya mwaka, na masika, hasa Mei, hupanda. Ubao uliokaa katika hewa ya namna hiyo hutulia na unyevu wa asilimia 13 hadi 16 ndani yake. Ubao uleule ukiingia katika ofisi ya Nyali yenye eyakondishena inayonguruma tangu asubuhi, unyevu wa hewa ukiwa asilimia 50, utashuka hadi asilimia 9 hivi. Umesinyaa. Mwanya ndani. Na ubao uliokaushwa kwenye tanuri, ukauzwa ukiwa na asilimia 9 au 10, ukiufanyia kazi siku hiyohiyo kisha fremu ikatundikwa sebuleni Kuze, dirisha wazi kwa upepo wa bahari, utavimba. Mwanya nje.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mteja si rangi wala ukubwa. Ni "Itatundikwa wapi, na chumba kina eyakondishena?" Baadhi hunishangaa, lakini jibu lake ndilo linaloniamulia upana wa ubao na aina ya kiungo.

Unajuaje ubao umetulia kama huna kipimo cha unyevu? Tumia mizani ya jikoni. Kata kipande cha ubao uleule, kiandike tarehe kwa kalamu, kipime uzito, kiache karakanani pamoja na mbao zako zilizopangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Kipime kila baada ya siku mbili. Kikiendelea kupungua, ubao bado ni mbichi. Kikiendelea kuongezeka, ulikuja mkavu na sasa unakunywa hewa. Uzito ukisimama palepale kwa wiki nzima, anza kazi. Mbao nyembamba za fremu huchukua wiki mbili au tatu.

Ukitaka tarakimu yenyewe, kipande kiingie kwenye oveni digrii 103 mpaka uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kutoka uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 230 kilichobaki gramu 200 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15. Kwa fremu ya kukaa Mombasa nje ya eyakondishena, hapo ni pazuri. Kwa fremu ya kwenda ofisi yenye baridi, hifadhi mbao zako kwanza kwenye chumba kilicho na hali kama hiyo, hata ikibidi umwombe mteja azikalishe kwake.

Dawa ya fremu iliyokwisha kufunguka: usijaze. Kijazo kitakaa vizuri hadi msimu ugeuke, kisha kitatumika kama kabari na kuipasua pembe. Iache fremu kwenye chumba itakamokaa kwa wiki mbili au tatu, itulie, ndipo uifungue viungo. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika kwa kitambaa cha maji moto. Safisha gundi yote ya zamani, nyoosha mikato upya kwa randa, unganisha tena. Utapoteza milimita moja au mbili za kila ubao, basi hakikisha kioo bado kina nafasi kwenye ngazi ya nyuma kinamokaa.

Kwa fremu pana, ongeza mfupa. Baada ya gundi kukauka, pitisha msumeno kwenye pembe kutoka nje, mkato ulio sambamba na uso wa fremu, kisha penyeza kipande chembamba cha mbao ngumu chenye nyuzi zinazokatiza kiungo. Kikate kwa usawa, kisugue. Kikiwa cha mbao nyeusi ndani ya mninga mwekundu kinakuwa pambo. Njia ya pili ni kupandanisha mbao nusu kwa nusu kwenye pembe, kama wanavyofanya wa milango. Haina urembo wa digrii 45 lakini ina eneo kubwa la gundi, na mimi ndiyo ninayoiamini kwa chochote kinachozidi mita moja.

Mwisho kwenye pembe: kiungo kimeachia kikiwa safi, mbao zote mbili zimebaki na uso wa mti mtupu, gundi haionekani. Mkato wa pembe ni vichwa vya nyuzi, nao hunywa gundi kama mkate unavyokunywa chai. Paka tabaka jepesi kwanza, subiri dakika chache linywewe, kisha paka la pili na ubane. Kwa hapa pwani nunua gundi inayostahimili maji, ile iliyoandikwa D3. Ibane kwa saa moja, na usiiwekee fremu kioo kabla ya saa 24. Mvule na msaji zina mafuta yao ya asili, kwa hiyo zifute kwa kitambaa chenye thina au asetoni muda mfupi tu kabla ya kupaka.

## Fremu imejipinda, au haina skwea

Pima kutoka pembe hadi pembe, kote kuwili. Vipimo viwili visipolingana, fremu imelala kama mstatili uliosukumwa. Gundi ikiwa bado mbichi, bana taratibu kwenye ule mshazari mrefu mpaka vilingane. Mimi hutumia kamba ya nailoni iliyozungushwa fremu nzima na kijiti cha kukazia, kwa sababu kamba huvuta pembe zote nne kwa wakati mmoja, na kosa kama hili hutokana na kubana pembe mojamoja.

Kupinda kama panga la feni ni jambo jingine. Laza fremu juu ya kioo kinene. Ikicheza, pembe moja iko juu. Ukichunguza nyuzi za ubao utaona zinazunguka, hasa kwenye saiprasi iliyokatwa karibu na kiini au karibu na tundu la tawi. Ubao wa namna hiyo haunyooshwi, hubadilishwa. Uujaribu kabla ya kukata: weka vijiti viwili vilivyonyooka juu yake, kimoja kila mwisho, inama uvitazame kutoka mbele. Vikikatana badala ya kulingana, ubao huo ufanyie kazi nyingine. Ikiwa mbao zote zimenyooka na fremu bado inacheza, meza yako ndiyo iliyopinda siku ulipobana.

## Unga mweupe chini ya picha

Mteja anasema kuna vumbi linaanguka kwenye kabati chini ya picha, analifuta, kesho liko tena. Chukua kidogo katikati ya vidole. Likiwa laini kama unga wa ngano, na kwenye ubao kuna matundu ya milimita moja au mbili, ni bungua wale wanaokula weupe wa mti, ile sehemu changa ya nje yenye wanga. Hawagusi saiprasi wala paini. Huwapata kwenye mwembe, na kwenye ule ukingo wa rangi ya maziwa wa mninga ambao wauza mbao hawauondoi. Kiini cha mninga na cha mvule hawakiwezi. Nawasihi mafundi wenzangu: ukiona weupe kwenye mninga, ukate uutupe, hata kama umeulipia. Sijaona mtu aliyejuta kwa kuutupa.

Matundu ni milango ya kutokea. Mdudu mkubwa amekwisha kwenda zake, na swali ni kama watoto wake bado wamo ndani. Ziba matundu kwa nta, weka karatasi nyeusi chini yake, na baada ya wiki chache utajua.

Wakiwamo, kwanza toa picha na kioo. Wapo wanaopaka mafuta ya taa au dizeli. Usifanye hivyo kwenye fremu ya picha, mafuta husafiri ndani ya ubao hadi kwenye karatasi na doa lake halitoki. Dawa ya boroni iliyoyeyushwa kwa maji hufanya kazi vizuri, lakini juu ya ubao mtupu tu, kwa hiyo vanishi itabidi iondoke. Njia ninayoipenda kwa fremu ambayo hatutaki kuigusa rangi yake ni ile ya makumbusho: kugandisha. Funga fremu ndani ya plastiki, toa hewa, ziba kwa utepe, iweke kwenye friza la digrii 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Mombasa hukosi jirani mwenye friza kubwa la samaki. Ukiitoa, usifungue plastiki kwa siku nzima, ili umande wa joto letu uangukie plastiki na si ubao.

## Madoa meusi na kutu

Doa la bluu-nyeusi linalozunguka msumari si ukungu. Chuma kimekutana na tanini ya mbao mahali penye unyevu, na kwa karakana iliyo karibu na bahari, chumvi ya hewa huharakisha mambo. Toa msumari, weka wa shaba nyeupe au wa chuma kisichoshika kutu. Doa lenyewe hulainika kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwa maji moto. Ni sumu, vaa glavu, suuza vizuri, subiri ubao ukauke kabisa kabla ya vanishi. Hata sufi ya chuma unayosugulia ubao huacha nyuzi ambazo baada ya mwezi zitakuwa vidoadoa. Tumia msasa.

## Vanishi inanata, au imegeuka maziwa

Vanishi ya mafuta iliyopakwa juu ya mvule yaweza kukaa wiki nzima bado inashika kidole. Vanishi haina kosa. Mvule una kemikali zinazozuia mafuta yasikauke. Iondoe kwa thina, futa ubao, paka tabaka moja la shelaki kama kizuizi, na juu yake vanishi itakauka kama kawaida. Tukiwa hapo kwa mvule: vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Barakoa si jambo la kuonea haya karakanani.

Ukungu mweupe kama maziwa juu ya laka iliyopulizwa una chanzo kingine. Thina inapopaa hupoza uso wa ubao, na hewa yenye unyevu mwingi huacha maji palepale, yakanaswa ndani ya laka. Hutokea jioni, au baada ya mvua. Mara nyingi waweza kuuponya kwa kupuliza pazia jembamba la thina ya kukauka polepole siku kavu. Laka hulainika, maji hutoka, uwazi hurudi. Lakini ni bora kupuliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, jua likiwa limekwisha kuikausha hewa.

## Picha imeharibika ndani ya fremu nzuri

Hapa ndipo huruma inaponishika zaidi, kwa sababu fremu hutengenezwa tena, picha haitengenezwi.

Mawimbi kwenye karatasi, kama bati. Mtu ameibandika pande zote nne. Karatasi nayo hutembea na unyevu, na ikizuiwa kila upande inavimba katikati. Itundike kwa vipande viwili tu juu, vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, iachwe ining'inie. Gundi hiyo hutoka kwa maji hata baada ya miaka. Seloteipu haitoki, na huacha doa la rangi ya chai.

Mstari wa kahawia unaofuata ukingo wa kadibodi ya dirisha, ile inayoizunguka picha, au picha nzima inakuwa njano kutoka nyuma. Ni asidi ya kadibodi ya kawaida, au ya hadibodi uliyoweka nyuma. Dai kadibodi isiyo na asidi, angalau ile inayogusa picha. Mteja asiyeweza gharama hiyo, mwambie ukweli, achague mwenyewe.

Picha imeshikana na kioo, au ina madoa ya ukungu. Iligusa kioo. Lazima pawe na hewa kati yake na kioo, kadibodi ya dirisha hufanya kazi hiyo, au vijiti vyembamba vilivyofichwa kwenye ngazi ya fremu. Ukungu huamka unyevu ukipita asilimia 70 hivi, nasi tunaishi juu ya hapo, kwa hiyo nyuma ya kila fremu bandika vipira vidogo kwenye pembe mbili za chini ili hewa ipite kati yake na ukuta. Picha iliyokwama kwenye kioo usiivute. Mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi karatasi.

Mwaka jana mama mmoja aliniletea leso ya marehemu mamake. Alikuwa amekwisha kuipeleka mahali ikabandikwa kwa gundi kwenye plaiwudi, ikakunjwa nusu ili iingie kwenye fremu ndogo. Jina la leso lilikuwa limepotea ndani ya mkunjo. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hayo maneno ndiyo aliyonichagulia." Ilinichukua siku tatu kuitoa ile gundi kwa kitambaa cha unyevu, shubiri kwa shubiri, na sehemu moja ya pindo rangi yake ilihamia pembeni, haikurudi. Ndiyo sababu nasema kwa msisitizo: leso haibandikwi. Hushonwa. Ijaribu kwanza rangi, gusa kona isiyoonekana kwa pamba nyeupe yenye maji. Ikiwa haitoi rangi, ioshe utoe wanga, maana wanga huita wadudu. Itandaze juu ya ubao uliovikwa kitambaa cha pamba, ishone kwa uzi mwembamba na mishono ya mbalimbali, pindo lote, mji wote wa katikati, na jina lisomeke.

## Imeanguka ukutani

Leso nzima ni kama mita 1.5 kwa 1.1. Kioo cha milimita 3 cha ukubwa huo kina uzito wa zaidi ya kilo 12 kabla hujahesabu mbao, kwa kuwa kioo huwa na kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Akriliki, ile plastiki angavu kama kioo, ina uzito chini ya nusu ya hapo, na kwa ukubwa huo mimi hutumia akriliki, isipokuwa kwa michoro ya makaa na chaki, kwani akriliki huvuta vumbi la rangi.

Waya wa nyuma ukikatika, tazama ulivyokuwa umevutwa. Waya uliolegea kiasi cha kufanya digrii 30 na usawa hubeba kila upande mvuto unaolingana na uzito wote wa fremu. Ukiukaza hadi digrii 10, mvuto unafika karibu mara tatu ya uzito huo. Fundi anadhani amekaza kwa usalama, kumbe ameuchosha waya na kuvuta mbao za pembeni kuelekea ndani. Kwa fremu nzito acha waya kabisa. Funga pete mbili pembeni, zining'inie kwenye kulabu mbili.

Na ikiwa waya na pete ziko salama, lakini msumari umetoka na bonge la chokaa, basi ni ukuta. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na lipu yake ya juu hubomoka ukiigonga nyundo. Toboa taratibu bila kupigisha drili, pita lipu mpaka ufikie jiwe, ingiza plagi ndefu na skrubu isiyoshika kutu. Ukisikia drili imezama ghafla, umeingia kwenye uwazi kati ya mawe. Sogea sentimita kumi, utoboe tena.